Kukosea, Kukosoa na Kukosana: Lugha ya Uwajibikaji Maofisa wa Michezo Wanapofanya Makosa

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano uliopo kati ya lugha na uwajibikaji pale maofisa wa michezo, yaani waamuzi, makamisaa wa mechi na watendaji wa mashirikisho, wanapofanya makosa. Hoja yake kuu ni kwamba kukosea peke yake hakuvunji uaminifu. Uaminifu hujaribiwa baada ya ofisa kufahamu kuwa amekosea. Kwa kuchunguza mnyambuliko wa kitenzi kosa katika Kiswahili, pamoja na tofauti ya kubeshya na kwibeshya katika Kinyarwanda, makala inaonyesha kwamba lugha za ukanda wetu zina zana za kutosha za kutenganisha kosa na hila, ila lugha ya taarifa rasmi mara nyingi huziacha zana hizo. Mifano imechukuliwa kutoka matukio yanayojulikana ya soka la Afrika, yakiwemo ya Rwanda ya 2014 na 2023, na machache ya kwingineko. Mwisho, yanapendekezwa majina manne ya makosa na muundo wa taarifa ya kukiri kosa.

Maneno muhimu: uwajibikaji, mwamuzi, kosa, hila, kukiri, mnyambuliko

1.0 Utangulizi

Katika Sekta ya Rugerero, Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, mtu anayechezesha mechi ana majina zaidi ya moja. Kwa Kinyarwanda ni umusifuzi, jina linalohusiana na gusifura, yaani kupuliza filimbi. Kwa Kiswahili ni mwamuzi, au refa. Na kwa kuwa Goma iko karibu, ng'ambo ya mpaka, jina la Kifaransa arbitre nalo si geni. Majina haya humwelekea mtu yuleyule, lakini hayamtazami kwa jicho moja. Jina la Kinyarwanda humtaja kwa filimbi yake. La Kiswahili humtaja kwa wajibu wake wa kuamua. Anayeitwa mwamuzi amekwisha kubebeshwa, ndani ya jina lenyewe, mzigo wa kuulizwa: umeamuaje, na kwa nini?

Rubavu ni mahali panapofaa kuulizia swali hili. Ni mji wa mpakani ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na mtaa muda mrefu kabla ya Rwanda kukiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ni mji wa soka pia: Etincelles na Marine ni timu zake, na Uwanja wa Umuganda ulichezewa mechi za Kundi D la michuano ya CHAN ya 2016, lililokuwa na Uganda, Mali, Zambia na Zimbabwe. Mtazamaji wa hapa anaweza kulalamikia uamuzi mmoja kwa lugha tatu katika dakika moja, na kila lugha ikampa namna yake ya kulipima kosa.

Makala hii haikusudii kuorodhesha makosa ya waamuzi, kwani orodha hiyo haina mwisho. Inauliza swali la kiisimu lenye matokeo ya kijamii: ofisa anapokosea, lugha inamsaidia kuwajibika au inamsaidia kujificha? Sentensi fupi za mfano zilizopewa namba zimetungwa na mwandishi kwa ajili ya ufafanuzi. Matukio yanayotajwa ni yale ambayo yako wazi katika kumbukumbu za umma.

2.0 Mzizi Mmoja, Maana Nyingi

Kitenzi kosa ni miongoni mwa vitenzi vyenye uzao mkubwa katika Kiswahili. Kukosa ni kutopata kitu, kutolenga shabaha, au kutenda lisilo sawa. Mshambuliaji hukosa bao. Mwanafunzi hukosa darasa. Raia huweza kukosa mbele ya sheria. Kukosea ni kufanya jambo kinyume cha lilivyopaswa kufanywa. Kukosesha ni kumfanya mwingine akose. Kukosekana ni kutopatikana. Kukosana ni kuvunjika kwa uelewano baina ya watu. Kukosoa, ambako wanasarufi hukuhesabu miongoni mwa vitenzi vya kauli ya kutendua, ni kulionyesha kosa ili lisahihishwe.

Mnyambuliko huu unaweza kusomwa kama maelezo ya kile kinachotokea uwanjani. Mwamuzi hukosea, na timu moja hukoseshwa haki yake. Kuanzia hapo njia ni mbili. Kosa likikubaliwa na kuchambuliwa, watu hukosoa. Likikanwa au kufunikwa, watu hukosana. Lugha imeziweka njia zote mbili katika mzizi mmoja, lakini hatua inayotenganisha njia hizo, yaani kukiri, haimo katika mzizi huo. Lazima iletwe na mtu.

Ugumu wa kwanza ni kwamba nomino kosa katika Kiswahili hubeba uzito usiolingana. Kosa la kisarufi ni kosa. Kosa la jinai nalo ni kosa. Mwamuzi akisema, "Nimefanya kosa," msikilizaji anaweza kuelewa kuwa jicho lake halikuona, au kwamba ana hatia. Kinyarwanda hutenganisha mambo haya kwa uwazi zaidi. Ikosa ni kosa kwa maana ya kutofanya inavyotakiwa. Icyaha ni dhambi au jinai. Katika nchi ambayo mahakama za Gacaca zilifanya kazi hadi 2012, maneno ya kukiri icyaha yana uzito ambao hautakiwi kupelekwa kwenye mpira wa kurusha. Mzungumzaji wa Rubavu anapotumia Kiswahili na Kinyarwanda kwa pamoja anaijua tofauti hiyo hata kama hajawahi kuieleza kwa nadharia.

Tofauti ya pili ya Kinyarwanda ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mada yetu. Kubeshya ni kudanganya, kusema uongo. Kwibeshya, kitenzi hichohicho kikiwa na kiambishi cha kujirejelea, ni kukosea, kudhani sivyo. Ukikitafsiri kwa sehemu zake, ni kujidanganya. Umusifuzi aliyekwibeshya amedanganywa na macho yake mwenyewe, naye hajamdanganya mtu. Lakini mwamuzi huyo akishaziona picha za marudio, akajua kuwa mpira ulivuka mstari, kisha akaandika katika ripoti yake kuwa haukuvuka, hayuko tena katika kwibeshya. Ameingia katika kubeshya. Kiambishi kimoja kimeondoka, na pamoja nacho umeondoka udhuru.

Hapo ndipo penye mpaka ambao makala hii inautetea. Kosa hufanyika kwa sekunde moja na huenda halina lawama. Ukweli huanza kudaiwa baada ya hapo.

3.0 Kitendo Kimoja, Majina Mawili

Umuhimu wa mpaka huu unaonekana katika matukio mawili ambayo, kwa mtazamaji wa runinga, yalifanana sana.

Tarehe 31 Januari 2015, mjini Bata, Guinea ya Ikweta ilicheza na Tunisia katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Tunisia iliongoza bao moja hadi dakika za nyongeza, ambapo mwamuzi kutoka Mauritius, Rajindraparsad Seechurn, alitoa penalti iliyozua ghadhabu. Wenyeji walisawazisha, kisha wakashinda mabao 2-1 katika muda wa ziada. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilimfungia mwamuzi huyo miezi sita kwa kiwango duni cha uchezeshaji.

Tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini ilicheza na Senegal katika kufuzu kwa Kombe la Dunia. Mwamuzi kutoka Ghana, Joseph Lamptey, alitoa penalti kwa madai kuwa Kalidou Koulibaly ameushika mpira, ilhali picha zilionyesha kuwa mpira ulimgonga mguuni. Afrika Kusini ilishinda 2-1. FIFA ilimfungia Lamptey maisha kwa kosa la kuathiri matokeo ya mechi kinyume cha sheria, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaithibitisha adhabu hiyo, na mechi ikaamriwa kurudiwa. Katika mechi ya marudio ya tarehe 10 Novemba 2017, Senegal ilishinda 2-0 na kufuzu.

Kwa jicho, kitendo ni kimoja: penalti isiyostahili. Kwa hukumu, majina ni mawili: udhaifu na hila. Tofauti haikuwa katika mlio wa kipenga. Ilipatikana kwa uchunguzi. Ndiyo maana shabiki anayepaza sauti "refa kanunuliwa" dakika ile ile ya tukio anatoa hukumu ambayo hata vyombo vyenye wachunguzi huichukulia muda. Hata hivyo, shabiki huyo hatoi tuhuma hiyo kutoka hewani. Mwaka 2018, kabla tu ya Kombe la Dunia la Urusi, mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, Aden Marwa, aliondoka katika orodha ya waamuzi wa mashindano hayo baada ya kamera ya siri ya waandishi wa habari za uchunguzi kumnasa akipokea fedha. Watazamaji wa Afrika Mashariki wameona hongo kwa macho yao. Kwa hiyo kila kosa lisiloelezwa huangukia katika ardhi iliyokwisha kulimwa na mashaka.

Ukimya una gharama hiyo. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Kamerun, Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali katika dakika ya 85, ikaendelea, kisha akaimaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Baadaye alieleza kuwa joto lilikuwa limemdhuru kiafya. Yalikuwa maelezo ya kibinadamu kabisa. Lakini kati ya kipenga na maelezo palikuwa na nafasi tupu, na nafasi hiyo ilikuwa imekwisha kujazwa na tafsiri za watu wengine.

4.0 Sarufi ya Kujificha

Tuzitazame sasa sentensi nne zinazoweza kueleza tukio moja:

(1) Nilikosea nilipotoa penalti ile.
(2) Penalti ilitolewa kimakosa na mwamuzi.
(3) Penalti ilitolewa kimakosa.
(4) Kumejitokeza mapungufu katika utoaji wa penalti.

Katika (1), mtenda ndiye msemaji, na kiambishi ni- kinambana. Hawezi kukiondoa bila kuivunja sentensi. Katika (2), kauli ya kutendwa inamsogeza mtenda mwishoni, lakini bado yupo. Katika (3) ameachwa, ingawa kauli ya kutendwa imemwachia kiti kitupu: msomaji anaweza kuuliza "na nani?" na sarufi itamruhusu kujibiwa. Katika (4), hata kiti kimeondolewa. Kitenzi kutoa kimegeuzwa nomino, utoaji, ambayo haina nafsi wala wakati. Kitenzi jitokeza kina kiambishi cha kujirejelea -ji-, na kwa hiyo mapungufu yamefanywa kuwa watendaji wa safari yao wenyewe: hakuna aliyeyaleta, yamejileta.

Tofauti hii ni ya kimuundo. Tunaweza kusema "Kanuni ilivunjwa na katibu," lakini hatusemi "Kanuni ilivunjika na katibu." Kauli ya kutendeka haikaribishi mtenda kabisa. Vitu vinavyovunjika, vinavyoharibika na vinavyokosekana hufanya hivyo vyenyewe. Msemaji wa taasisi anayechagua kauli hii huenda hajasema uongo wowote. Amechagua sarufi ambamo ukweli hauna mahali pa kukaa.

Mbinu hiyo huendelea katika kuomba radhi. "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" ni fomula ambayo kila msomaji wa Kiswahili ameikuta katika matangazo ya umma. Kinachosikitikiwa ni usumbufu, si kosa. Na usumbufu nao umejitokeza. "Tunaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika" ni hatua moja zaidi: kukwazika kumekuwa hali ya aliyekwazwa, kana kwamba shida iko katika wepesi wake wa kuumia. Na "poleni" ni neno zuri la kufariji, lakini humfaa anayepita njiani sawasawa na aliyesababisha ajali. Pole haikiri.

Si haki kusema kwamba taasisi zote za ukanda huu huficha. Nchini Tanzania, kamati ya Bodi ya Ligi ijulikanayo kama Kamati ya Saa 72 imezoea kutangaza hadharani waamuzi walioadhibiwa. Katika taarifa hizo mtenda yupo, na adhabu ipo. Kinachopungua mara nyingine ni kosa lenyewe, kwani maelezo ya kwamba mwamuzi ameshindwa kutafsiri sheria za mpira wa miguu hayamwambii msomaji ni sheria ipi, katika tukio lipi, na ilipaswa kutumikaje. Adhabu bila maelezo humwonyesha mtu, haionyeshi kosa. Mwamuzi kijana anayeisoma taarifa hiyo hujifunza kuogopa. Hajifunzi kuamua vizuri zaidi.

Dhidi ya sarufi hii ya kujificha, Kiswahili kina neno moja linalotosha kwa sehemu kubwa ya kazi: nimewakosea. Tukiligawa, ni- inamtaja mwenye kosa. -Me- inasema tendo limekamilika na athari yake ipo bado. -Wa- inawataja walioathirika. -Kose- inalitaja tendo kwa jina lake. Ni sentensi nzima ya uwajibikaji ndani ya neno moja. Tofauti yake na nilikosea inafaa kuangaliwa. Nilikosea huhusu usahihi wa uamuzi. Nimewakosea huhusu watu. Ofisa mwaminifu huenda akahitaji yote mawili, kwa mpangilio huo: kwanza nini hakikuwa sahihi, halafu nani ameumizwa nacho.

5.0 Kosa la Uwanjani na Kosa la Mezani

Si makosa yote yanayostahili kipimo kimoja. Sheria ya Tano ya Sheria za Mpira wa Miguu inasema kuwa uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, likiwemo suala la bao kufungwa au kutofungwa, ni wa mwisho. Kanuni hii haidai kwamba mwamuzi hakosei. Inakubali kuwa atakosea, na kwamba mchezo hauwezi kurudiwa kila mara. Lakini kosa la kuona si sawa na kosa la kutumia sheria. Tarehe 3 Septemba 2005, katika mechi ya Uzbekistan na Bahrain ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, mchezaji mmoja aliingia ndani ya eneo mapema wakati mwenzake akipiga penalti. Mpira uliingia wavuni. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Mwamuzi alitoa mpira wa adhabu kwa timu pinzani. FIFA iliifuta mechi na kuamuru irudiwe, kwa kuwa mwamuzi aliliona tukio sawasawa lakini akatumia kanuni isiyo yake.

Aina ya tatu ni kosa la mezani, na hapa Rwanda ina kumbukumbu mbili zenye maumivu. Mwaka 2014, Amavubi waliitoa Kongo-Brazzaville kwa mikwaju ya penalti katika safari ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015. Mwezi Agosti CAF iliiondoa Rwanda kwa sababu ya mshambuliaji aliyeichezea kwa jina la Dady Birori, ilhali katika klabu yake ya AS Vita ya Kinshasa alijulikana kwa jina la Etekiama Agiti Tady, akiwa na utambulisho tofauti. Mwaka 2023, baada ya sare ya 1-1 na Benin jijini Kigali tarehe 29 Machi, CAF iliipa Benin ushindi wa mabao 3-0 kwa sababu Muhire Kevin alichezeshwa akiwa na kadi mbili za njano zilizomzuia kucheza.

Makosa ya aina hii hayana udhuru wa sekunde moja. Kati ya mechi ya Cotonou na ile ya Kigali ilipita wiki nzima, na kuhesabu kadi ni kazi inayofanywa kwa kalamu, mtu akiwa ameketi. Kinyarwanda kingeweza kukubali kwibeshya kwa aliyekimbia kilomita kumi huku akiamua. Ni vigumu zaidi kulikubali neno hilo kwa aliyekuwa na siku saba. Kiswahili kina jina la kosa ambalo lingeweza kuepukwa kwa uangalifu wa kawaida: uzembe.

Ni muhimu pia namna matukio ya mezani yanavyofungwa. Mwezi Aprili 2023, baada ya sakata hilo, rais wa Shirikisho la Soka la Rwanda alijiuzulu, akitaja sababu binafsi. Makala hii haina haja ya kubahatisha yaliyokuwa moyoni mwake. Inachobainisha ni kazi ya fomula yenyewe. "Sababu binafsi" ni maneno ya heshima yanayomlinda anayeondoka, na mtu ana haki ya kuyatumia. Hata hivyo kujiuzulu si kuwajibika hadi kuambatane na maelezo. Umma hubaki ukijua kwamba kiti kimeachwa, bila kujua ni hatua gani katika utaratibu wa kuhesabu kadi iliyokatika na imeunganishwa vipi. Kosa la 2014 lilihusu nyaraka. La 2023 lilihusu nyaraka pia.

Wahenga wanasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii ina ukarimu mkubwa, lakini imeruka hatua moja. Kati ya kufanya na kutorudia kuna kueleza, na kosa lisiloelezwa ndilo lililo karibu zaidi na kurudiwa.

6.0 Kukiri Kunavyofanya Kazi

Huenda ikadhaniwa kuwa kukiri ni bure ikiwa matokeo hayabadiliki. Mfano mmoja wa besiboli ya Marekani unapinga dhana hiyo. Tarehe 2 Juni 2010, Armando Galarraga wa Detroit alibakiwa na mpinzani mmoja tu kati ya ishirini na saba ili akamilishe mechi bila hata mmoja wao kufika kituo cha kwanza, jambo adimu sana katika mchezo huo. Mwamuzi Jim Joyce aliamua kuwa yule wa mwisho amefika salama. Picha zilionyesha sivyo. Joyce alipoziona baada ya mechi, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kuwa amekosea na kwamba kosa lake limemnyima kijana yule mechi yake kamilifu. Alisema, kwa sarufi yetu, nilikosea na nimemkosea. Matokeo hayakubadilishwa. Siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya orodha ya wachezaji uwanjani, na watazamaji wakawashangilia. Kukosea kulikwepa kuwa kukosana.

Mfano wa pili unahusu lugha moja kwa moja. Tarehe 30 Septemba 2023, katika mechi ya Tottenham na Liverpool, bao la Luis Díaz lilikataliwa kimakosa kwa madai ya kuotea. Waamuzi wa VAR waligundua kuwa hakuwa ameotea, lakini walidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa ni bao. Wakamwambia mwamuzi kuwa ukaguzi umekamilika. Mwamuzi akaelewa kuwa uamuzi wake wa kulikataa bao umethibitishwa, mpira ukaanzishwa, na kwa mujibu wa sheria haikuwezekana tena kurudi nyuma. Picha ilikuwa sahihi na jicho lilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni sentensi. Kukamilika ni kauli ya kutendeka: inasema jambo limefika mwisho, haisemi ni mwisho gani. Chombo cha waamuzi wa Uingereza kilikiri usiku uleule, na siku chache baadaye kikatoa sauti ya mazungumzo ya waamuzi hao ili kila mtu asikie jinsi kosa lilivyozaliwa. Kwa kuwa kosa lilisikika, dawa yake ilieleweka: matokeo ya ukaguzi yatamkwe kwa ukamilifu kabla ya kuhitimishwa.

Tulinganishe na tarehe 5 Aprili 2024, jijini Pretoria, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Mamelodi Sundowns na Yanga ya Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaapanya na kudunda chini, na mamilioni ya watazamaji waliamini kuwa mpira ulivuka mstari. Bao halikutolewa. Mechi iliisha 0-0 na Sundowns wakashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2. Inawezekana picha zilizokuwapo hazikutosha kuthibitisha. VAR ina masharti yake ya ushahidi. Lakini watazamaji hawakuyasikia mazungumzo ya waamuzi wakati ule, na hivyo hawakuweza kujua kama walichokuwa wakikibishia ni kosa, ni ukosefu wa pembe ya kamera, au ni jambo jingine. Walibaki na picha isiyokuwa na maneno.

Kwamba maneno yanaweza kutolewa, imeonekana tayari. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, waamuzi walitangaza kwa kipaza sauti uamuzi uliotokana na VAR na sababu yake. Mwamuzi ambaye kwa miaka mingi alizungumza kwa filimbi na mikono amepewa sentensi. Kwa ligi za ukanda wetu, swali la Kiswahili cha kutangazia maamuzi hayo si la mbali. Ni kazi inayowasubiri wanaisimu.

7.0 Hoja Mbili za Kupinga

Hoja ya kwanza ni usalama. Mwamuzi wa ligi ndogo anayekiri kosa Jumapili atakutana na mashabiki walewale sokoni Jumatatu. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kumtaka kila mwamuzi awe shujaa. Jibu lake ni kwamba taasisi izungumze kwanza, kwa maelezo kamili ya tukio na sheria, ili mwamuzi asisimame peke yake. Aidha, palipo na adhabu inayolingana kwa kosa na kwa hila, hakuna mwenye akili atakayekiri. Anayetaka ukweli lazima aufanye uwe na nafuu kuliko uongo.

Hoja ya pili ni kwamba mzigo wa kukiri hauwi sawa kwa wote. Tarehe 18 Januari 2022, jijini Yaoundé, Salima Mukansanga, mzaliwa wa Mkoa huuhuu wa Magharibi wa Rwanda, alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwanamume akikosea, amekosea yeye; aliye wa kwanza wa jinsia yake akikosea, wapo wanaosubiri kusema kwamba wamekosea wote. Uwajibikaji wa haki hudai kiambishi cha nafsi kibaki katika umoja: alikosea, si wanakosea.

Kwa upande wa mashabiki na watangazaji, ipo methali inayotumika vibaya: asiyekubali kushindwa si mshindani. Huelekezwa kwa anayelalamika, na kumnyamazisha. Lakini kukubali kushindwa ni wajibu wa mshindani, kama ambavyo kukubali kukosea ni wajibu wa mwamuzi. Kudai la kwanza bila la pili si uanamichezo.

8.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, taarifa za Kiswahili za mashirikisho zitofautishe majina manne: kosa la kuona, pale jicho lilipodanganyika, kosa la sheria, pale kanuni isiyofaa ilipotumika, uzembe, pale uangalifu wa kawaida ulipokosekana, na hila, pale palipokuwa na nia mbaya iliyothibitishwa. Neno kosa likiachwa peke yake libebe yote manne, mwamuzi mwaminifu na mla hongo watavaa nguo moja.

Pili, taarifa ya kukiri ijibu maswali matano kwa sentensi zenye nafsi: nani aliamua, aliamua nini, ilipaswa iweje, nani ameathirika, na nini kitabadilika. Vitenzi vya kujitokeza na kukosekana vihifadhiwe kwa mambo ambayo kweli hayakuletwa na mtu, kama mvua na giza.

Tatu, mafunzo ya waamuzi na makamisaa yajumuishe uandishi wa ripoti. Ripoti ya mechi ndiyo mahali ambapo kosa la sekunde moja huweza kugeuzwa kuwa uongo wa kudumu au kuwa somo. Katika miji kama Rubavu, ambako mwamuzi anaweza kuamua kwa Kinyarwanda, kujieleza kwa Kiswahili na kusoma kanuni kwa Kifaransa au Kiingereza, mafunzo hayo yawe ya lugha kadiri yalivyo ya sheria.

Mwamuzi asiyekosea hajazaliwa, na hakuna kamera itakayemzaa. Kinachoweza kudaiwa kwake, na kwa wakubwa wake walioko mezani, ni kidogo na kinawezekana: wakishajua kwamba wamekosea, waseme kwa kitenzi chenye mtenda.